Kwa nini hatutumi matangazo kwa orodha ya anwani iliyonunuliwa

"Mwanangu, barua yangu imerudi."

Aliyepiga simu ni mama mmoja wakala wa forodha, mteja wetu tangu tulipofungua duka hili la kuwahudumia watu barua pepe, hapa Mombasa. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi. Kontena la mteja wake wa Kampala lilikuwa bandarini Kilindini, na siku za kuhifadhiwa bure zilibaki mbili. Alikuwa amemwandikia mwenye mzigo amletee hati moja iliyokosekana. Badala ya jibu akapata ujumbe wa Kiingereza uliojaa tarakimu, na mwanzoni kabisa imeandikwa 550.

Kwa lugha ya seva, yaani kompyuta zinazotuma na kupokea barua pepe, 550 ni mlango uliofungwa. Seva ya upande wa pili iliuliza barua inatoka wapi, ikasikia jibu, ikakataa kuipokea. Haikufika hata kwenye folda ya taka, ambako mwenyewe angeweza kuikuta siku moja akipekua.

Mama hakukosea chochote. Kosa lilianza Ijumaa jioni. Mteja wetu mwingine, mwenye nyumba za wageni huko pwani ya kaskazini, aliuziwa orodha ya anwani za barua pepe na mtu aliyemwapia kwamba ni "wateja wa uhakika". Akatunga tangazo la likizo ya Desemba, akalirusha kwa orodha nzima kupitia seva yetu. Tulipoifungua foleni ya seva Jumatatu ile, barua zilikuwa bado zinatoka, anwani moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa alfabeti. Baadhi zilikuwa zimekufa zamani. Kuna moja iliyokuwa imeandikwa vibaya kwa namna ileile mara tatu, na zote tatu zilitumiwa tangazo.

Waliozoea nyumba za Kiswahili za Majengo wataelewa haraka. Vyumba sita, ukumbi mmoja, uani mmoja. Mpangaji mmoja akichoma takataka uani, moshi unaingia vyumba vyote, na jirani wa nyumba ya pili hajui ni chumba kipi. Anachojua ni kwamba nyumba ile inanuka. Seva inayotumiwa na wateja wengi iko vivyo hivyo. Ina anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, na dunia inaihukumu kwa anwani hiyo. Mama wa forodha na mwenye nyumba za wageni hawajuani, lakini barua zao zilitoka mlango mmoja.

Tulinaswa kwa mtego. Yapo mashirika yanayofuatilia barua taka, na hutega anwani zisizo na mtu. Anwani hiyo haijawahi kujiandikisha popote, haijawahi kununua kitu, haijawahi kumpa mtu kadi ya biashara. Inakaa tu. Ukiiandikia, umejishuhudia mwenyewe kwamba hukuomba ruhusa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukupa ruhusa hiyo. Orodha za kuuzwa zimejaa anwani za aina hii. Ndani ya siku mbili tu tulikuwa kwenye orodha ya waliozuiwa, na seva nyingi duniani husoma orodha hizo kabla ya kufungua mlango.

Tulisimamisha akaunti ile, tukaifuta foleni, tukaandika maelezo ya kweli bila kujitetea, na tukaomba kuondolewa. Sehemu ya kosa ilikuwa yetu, na tuliandika hivyo: hatukuwa tumeweka kikomo cha barua ambazo akaunti moja inaweza kutuma kwa saa. Sasa kipo. Hati ya mama tulimsaidia kuifuatilia kwa simu na WhatsApp siku hiyohiyo, lakini wasiwasi wake wa asubuhi ile hatukuweza kuurudisha nyuma.

Tangu hapo wateja wanatuuliza: kwani hakuna sheria? Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia data binafsi ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu na mwenyewe alijulishwa data ilipochukuliwa. Jina lako na anwani yako ya barua pepe ni data binafsi. Kanuni za mwaka 2021 zinaongeza kwamba anayetangaza moja kwa moja lazima akupe njia rahisi ya kujitoa. Kamishna wa Ulinzi wa Data anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kwa kampuni hadi asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Na mwananchi yeyote anaweza kupeleka malalamiko huko. Si lazima awe na wakili.

Kwa hiyo aliyeuza orodha ile na aliyeitumia wote walikuwa upande mbaya wa sheria ya Kenya. Mteja wetu hakujua. Alidhani kilicho mtandaoni ni cha wote.

Nchi hazifuati njia moja. Marekani, kwa sheria yao iliyoanza kutumika Januari 2004, ukiwa na jina la kweli, anwani ya ofisi na njia ya kujitoa, unaweza kumwandikia mtu asiyekujua. Akikuambia basi, una siku 10 za kazi kuacha. Ulaya tangu mwaka 2002 waliagiza kinyume chake: kwanza idhini ya mtu, ndipo tangazo. Kanada iliingia upande huo wa Ulaya mwaka 2014, na faini ya kampuni inaweza kufika dola milioni 10 za huko. Mimi nasimama na Ulaya na Kanada, na nashukuru Kenya ilichagua upande huo. Ukimruhusu kila mwenye biashara duniani akuandikie mara moja tu, hesabu ni biashara ngapi zipo duniani.

Lakini sheria ina mpaka, na barua pepe haina. Aliyetuma yuko nchi moja, seva yake nchi nyingine, aliyetumiwa yuko Mwembe Tayari. Ndiyo maana kazi kubwa ya kupunguza taka imefanywa na wenye mitambo wenyewe, na kisa ninachowasimulia wateja kila mara ni cha McColo. Hii ilikuwa kampuni ya Kalifornia iliyokodisha nafasi kwa seva, na ndani yake walikaa wanaoongoza mitandao ya kompyuta zilizotekwa: mashine za watu wa kawaida, majumbani na maofisini, zinazotuma taka bila wenyewe kujua. Novemba 11, 2008, baada ya mwandishi wa habari Brian Krebs kuwapelekea ushahidi, kampuni mbili zilizokuwa zikiiunganisha McColo na intaneti zikakata laini. Hapakuwa na hakimu wala askari. Siku hiyohiyo taka duniani zikashuka kwa zaidi ya nusu. Baadaye zilipanda tena, wahuni walipopata makao mengine, lakini ilionekana wazi kwamba wachache walikuwa wakisumbua dunia nzima kwa sababu tu kuna mtu aliyekubali kuwauzia laini.

Wanaoweka orodha za waliozuiwa nao wameshambuliwa. Spamhaus, shirika mojawapo lililoanzishwa mwaka 1998, ilishtakiwa Marekani na kampuni moja ya matangazo iliyolalamika kuzuiwa. Mwaka 2006 mahakama iliamuru kampuni hiyo ilipwe zaidi ya dola milioni 11, kwa kuwa Spamhaus haikuendelea kujitetea. Rufaa zikafuata, na mwaka 2011 kiasi kikawa dola 3. Tatu. Mimi niliyewahi kuwa kwenye orodha kama hizo bado nasema ni vizuri zipo.

Mabadiliko yanayowagusa wateja wetu zaidi yalikuja Februari 2024, Google na Yahoo zilipobana masharti. Kila anayetuma lazima barua zake zithibitike zimetoka kwake kweli. Anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail ana masharti zaidi: njia ya kujitoa kwa kubofya mara moja, na kumwondoa aliyejitoa ndani ya siku 2. Na kwa wote, malalamiko yasifike asilimia 0.3. Fanya hesabu: katika watu 1,000, watatu wakibonyeza kitufe cha taka, umeshafika kwenye ukuta. Orodha ya kununua haiwezi kuvuka hapo.

Sasa huko "kuthibitika". Watu wa bandari hawahitaji maelezo marefu, kwa sababu wanafanya jambo hilo getini kila siku. Kuna kitu kinaitwa SPF: ni orodha unayoitangaza hadharani, kwenye rekodi za jina lako la tovuti, ya seva zilizoruhusiwa kubeba barua zako, kama getini kunavyokuwa na orodha ya malori yaliyoruhusiwa kubeba mzigo wako. Kwa mteja mdogo ni mstari mmoja mfupi sana:

v=spf1 mx -all

Maana yake: barua zangu hubebwa na seva ileile inayonipokelea barua; nyingine yoyote ikija kwa jina langu, ikataeni. Kile kistari kabla ya "all" ndicho kinachosema ikataeni. Tumekuta wateja waliowekewa alama ya kujumlisha badala yake, yaani wametangazia dunia kwamba yeyote anaweza kuandika kwa jina lao.

DKIM ni sili ya kontena. Seva yetu inaifunga kila barua kwa sahihi inayotiwa kwa ufunguo wa siri, na anayepokea anaikagua kwa ufunguo uliotangazwa hadharani. Kilichotiwa sahihi kikiguswa njiani, hata herufi moja, sahihi haikubali. DMARC ndiyo maagizo kwa mlinzi wa geti: jina la mtumaji lisipolingana na lori wala sili, afanye nini? Apitishe, aweke pembeni, au arudishe? Na akuletee ripoti. Tunaanza na kupitisha huku tukisoma ripoti kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mara nyingi hugundulika mfumo wa ankara au programu ya dukani ambayo mteja alisahau kwamba nayo hutuma barua. Ukifunga geti siku ya kwanza unajifungia mwenyewe.

Kwa mawakala wa forodha hili ni zaidi ya matangazo. Mtu akighushi jina lako akamwandikia mwenye mzigo kwamba akaunti ya benki imebadilika, pesa zinakwenda na aliyeharibikiwa jina ni wewe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamhukumu mwizi huyo akipatikana. DMARC ikishaagizwa kurudisha, inamzuia asitumie jina lako lenyewe. Haimzuii aliyeiba nywila yako, wala aliyesajili jina linalofanana na lako kasoro herufi moja. Kwa hiyo tunawaomba: akaunti ya benki ikibadilika, mpigie mtu simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua hiyo.

Mwenye nyumba za wageni bado ni mteja wetu. Alikasirika, kisha akaja dukani, tukakaa naye. Tulimuuliza wageni wangapi wamewahi kulala kwake, akafungua daftari la mapokezi. Tukaandika barua fupi kwa wageni wa karibuni walioacha anwani, kuwauliza kama wangependa kupata habari zake. Waliojibu ndiyo si wengi, lakini ndio walioandikiwa tangazo la Pasaka, na safari hii hakuna barua iliyorudi na 550. Wawili waliuliza bei ya chumba cha familia.

Kama barua zako pepe ziko kwetu, SPF, DKIM na DMARC tunakuwekea bila malipo ya ziada. Kama ziko kwingine, njoo na jina la tovuti yako tu, hatuhitaji nywila. Rekodi hizi ziko hadharani na tutakusomea hali yake ukiwa umeketi. Ukiwa na orodha ya anwani unayotaka kuiandikia, ilete pia. Tutakuuliza kila jina ulilipata wapi.