Barua kwa Baraka: mbuzi mawe na tohe wa milima ya Longido

Monduli, mwishoni mwa Juni

Ndugu yangu Baraka,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Nimesikia umepangiwa kitalu cha uwindaji cha upande wa Longido msimu huu. Nimefurahi, na nimeona nisingoje simu, nikuandikie barua ndefu ukae nayo, juu ya kuwaongoza wageni wanaokuja kuwinda mbuzi mawe na tohe, swala wawili wa milimani. Umezoea Rungwa, ndani ya miyombo, ambako mnyama unamwona kwa hatua 70 na risasi inakwenda sambamba na ardhi. Huku ni uwazi na miteremko. Mnyama unamwona kwa kilomita nzima, naye pengine amekuona kabla hujashuka garini. Mlima unadai mwindaji anayejua kukaa kimya muda mrefu na kukataa risasi nyingi kabla ya kukubali moja.

Anza na upepo. Alfajiri hewa ya baridi ni nzito, inateremka mlimani kama maji, na makorongo ndiyo mifereji yake. Jua likishapiga mteremko, hewa inapata joto na kuanza kupanda. Kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi haina msimamo: mara inashuka, mara inapanda, mara inakuzunguka mgongoni. Muda huo usimwendee mnyama yeyote. Kaa, tazama kwa darubini, kunywa chai. Mteremko unaotazama mashariki hugeuka kwanza. Ule wa magharibi huchelewa, na korongo lenye kivuli linaweza kuendelea kuvuta hewa chini hata wakati kingo zake zinapandisha. Kwa hiyo alfajiri uwe chini, ukitazama juu. Upepo ukishatulia kupanda, uwe juu yao, ukiwashukia taratibu. Wanyama wa mlimani huzoea hatari inayotoka bondeni, na anayekuja kutoka juu wanachelewa kumwona.

Kipimo cha upepo ni majivu ya moto wa kambi. Yachekeche, yatie kwenye soksi kuukuu, uifunge kamba kiunoni. Ukiigonga, usiangalie yanapotoka tu, yafuate kwa macho mita 10 au 15. Mara nyingi yanaanza kwenda upande mmoja, yakifika ukingo wa mwamba yanageuka. Pale yanapogeukia ndipo harufu yako inapokwenda.

Kutazama nako kuna namna yake. Keti chini, viwiko juu ya magoti, darubini ya 10x42, inayokuza mara 10, inatosha. Ukitazama ukiwa umesimama mikono inatetemeka na hutaona sikio lililo umbali wa mita 800. Gawa mteremko vipande, anza na ulio karibu nawe, kwa sababu aibu kubwa ya mlimani ni kutafuta ng'ambo huku tohe amelala mita 90 chini ya miguu yako.

Tohe wa milimani hulisha asubuhi na jioni, na jua likipanda hujilaza kwenye nyasi au chini ya kichaka. Usitafute mwili mzima. Tafuta mstari mweupe wa tumbo, au lile baka jeusi lililo chini ya sikio. Pembe ni za madume peke yao, fupi, zimejikunja kuelekea mbele. Akishtuka hupiga mluzi mkali, hukimbia huku mkia umeinuka na weupe wake ukionekana, na mara nyingi hukata mteremko kwa ubavu badala ya kupanda moja kwa moja. Akifika mbali kidogo husimama kuangalia nyuma. Mgeni aambiwe mapema: anayekimbia hapigwi, anasubiriwa. Na zaidi ya hapo, Baraka, huyu mnyama IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Usimpe mgeni matumaini kwa sababu tu jina limo kwenye leseni. Awe dume mzee, vikunjo vya pembe vimesagika na mashina yamenenepa. Kama hakuna wa namna hiyo, mgeni ashuke na picha.

Sasa mbuzi mawe, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikuandikie. Kule kusini ulikozoea, mbuzi mawe mwenye pembe ni dume, basi. Huku Umasaini majike nao wana pembe, tena za kawaida kabisa. Mgeni akiona pembe tayari kidole kiko kwenye kifyatulio, na wewe ukikubali umeua jike, pengine lenye mtoto kichakani. Mwili haukusaidii, maana jike huwa mzito kuliko dume kidogo, na wote wawili ni wa kilo 10 hadi 15 hivi. Tazama mwenendo. Wanaishi wawili wawili, hawaachani, na mara nyingi jike ndiye anayeongoza huku dume akifuata. Jike akilisha, dume hupanda jiwe na kulinda. Tazama mashina ya pembe, ya dume ni manene zaidi. Mwisho kabisa subiri ageuke uone kwa nyuma, au akojoe. Hii inaweza kuchukua nusu saa. Ikuchukue. Wakipiga mluzi wakiwa juu ya jiwe usiharakishe. Wanakuambia wamekuona, na wakijiona salama hubaki palepale wakikuangalia, na hapo ndipo utakapowasoma vizuri.

Kuwapata si kugumu. Asubuhi huota jua juu ya mwamba, kwato nne zimekusanywa mahali pasipozidi kiganja, amesimama kwenye ncha zake kama aliyevaa viatu virefu. Kabla hujamwona, tafuta alama yake: kwenye ncha za vijiti vikavu, urefu wa goti, utaona kitone cheusi kama lami. Ni ute wa tezi iliyo mbele ya jicho. Analeta uso polepole mpaka kijiti kinaingia kwenye tundu la tezi, anakiacha na tone. Kikiwa laini na kinang'aa, mwenyewe hayuko mbali. Kikiwa kigumu na kina vumbi, endelea kutembea.

Kuhusu bunduki, za kipimo cha .270 au .30-06 zinatosha kwa wanyama wote wawili. Ukifika kambini, kabla ya lolote, piga risasi 3 kwenye karatasi, hata kama bunduki ilikuwa sawa Arusha. Barabara ya mawimbi inalegeza skrubu za darubini ya bunduki bila kelele. Ilenge sawasawa kwa mita 200. Kwa .270 yenye risasi ya uzito wa grein 130, kwa mita 100 itapiga juu sentimita 4 au 5, na kwa mita 300 itashuka karibu sentimita 20. Upepo wa ubavuni wa mita 4 au 5 kwa sekunde, ule unaotikisa nyasi zote na matawi madogo, utaisogeza kama sentimita 8 kwa mita 200, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa mita 300. Kifua cha mbuzi mawe ni kidogo kuliko kosa hilo. Kwake mimi siruhusu zaidi ya mita 200, na kwa tohe mita 250, mgeni awe nani.

Mteremko unawachanganya wengi. Watu hudhani ukipiga kwenda juu risasi inashuka, na ukipiga kwenda chini inapanda. Si hivyo: pande zote mbili inapiga juu kuliko ulivyotarajia, kwa sababu kushuka kwake kunafuata ule umbali wa mlalo tu, kama unaopimwa kwenye tambarare. Mita 300 kwa mteremko wa nyuzi 30 uzihesabu kama 260. Kwa nyuzi 45 ni kama 212. Kosa la pili ni la mwili wa mnyama. Ukiwa juu yake, risasi inaingia juu na kutoka chini, kwa hiyo lenga juu kidogo ya katikati ya ubavu. Ukiwa chini yake, lenga chini zaidi. Fikiria itakakotokea, siyo itakakoingilia.

Kuna ajali moja ambayo utaiona msimu huuhuu usipokuwa makini. Mgeni amelala nyuma ya mwamba, anamwona mnyama vizuri kabisa kwenye darubini, anapiga, na vipande vya jiwe vinaruka usoni. Darubini iko sentimita 4 au 5 juu ya mtutu, inaona kupita ukingo wa jiwe wakati mdomo wa mtutu unalitazama jiwe lenyewe. Kila mara, kabla hajapiga, inama kando uangalie mstari wa mtutu kwa macho yako. Mtutu wenyewe usiegemezwe kwenye jiwe, utaruka na risasi itakwenda juu. Weka begi au koti lililokunjwa chini ya mbao ya bunduki. Na anayepiga kwenda juu akiwa amelala, jicho lisogee nyuma, kwani darubini hurudi na kumchana nyusi.

Mpandishe polepole. Kilele cha Longido kinapita mita 2,600, na mgeni aliyetoka pwani ya nchi yake juzi hana pumzi hiyo. Apande bila risasi kwenye chemba, na akifika akae dakika 5 kabla ya kushika bunduki. Ukiona bega lake bado linapanda na kushuka, jibu ni hapana.

Kwa mbuzi mawe tumia risasi ngumu isiyofunguka. Ile laini yenye mwendo mkali humpasua mnyama wa kilo 12, nyara na nyama vyote vinaharibika. Ila risasi ngumu inapita na kuendelea, na ikigonga jiwe inaruka kusikojulikana. Hivyo aliye kwenye mstari wa mbingu, juu ya kilele, hapigwi kamwe. Nyuma yake pawe na udongo au mteremko unaouona. Kwenye mabonde haya kuna maboma, na watoto wanachunga mbuzi mpaka juu kabisa. Kabla ya kupanda muulize mzee wa boma mifugo imekwenda upande gani leo. Atakuambia na wanyama wako wapi pia.

Mpaka wa Kenya uko karibu, na kule uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Aliyejeruhiwa akivuka, humfuati. Angalia kifaa cha GPS kabla ya kupiga, siyo baada.

Akishapigwa, msiondoke wote. Ng'ambo ya bonde kila jiwe linafanana, na ukifika pale hutalitambua. Acha mtu mmoja palepale mlipopigia, na darubini na redio, awaelekeze. Piga picha ya mteremko kwa simu, weka alama ya kidole kwenye jiwe. Subiri dakika 20 kama hakuanguka palepale. Kwa mbuzi mawe, usidanganywe na manyoya. Nywele zake ni nene, ndani zina uwazi, zinakatika kwa kuguswa tu, na risasi iliyomkwaruza inaweza kuacha rundo kubwa. Tafuta damu na rangi yake, ndipo useme.

Suala la kuchinja lizungumzeni kambini, kabla ya safari. Vijana Waislamu wakitaka kula, lazima afikiwe akiwa bado na uhai, na kisu kipite kooni. Mgeni anayetaka kichwa na shingo ataona ngozi yake imekatwa. Wakubaliane mapema wapi kisu kitapita, au kwamba nyama hiyo itakwenda kwa wengine. Likiachwa mpaka pale juu ya jiwe, kila mtu anakasirika.

Mbuzi mawe hakokotwi wala hafungwi kamba tumboni. Kila anapoguswa na jiwe panabaki kipara. Mbebe ndani ya turubai kama mtoto, damu uioshe kwa maji kidogo mapema bila kusugua. Chuna kivulini. Sehemu ngumu ni tundu la tezi mbele ya jicho: ngozi imeshika mfupa mle ndani, na ukivuta inachanika. Ingiza ncha ya kisu kidogo, uinue ngozi kutoka kwenye sakafu ya tundu, polepole. Geuza masikio, pasua midomo kwa ndani, ondoa nyama yote, kisha chumvi laini. Chukua kilo 3 kwa ngozi hii ndogo, usibane. Ilaze na mwinamo maji yachuruzike, kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, tia nyingine. Isiguse jua hata kidogo, na usiikunje nywele kwa nywele ingali mbichi.

Soksi ya majivu nitakutumia na gari la Alhamisi, pamoja na kipande cha kijiti chenye tone la lami, ili vijana wako wakione kabla hawajapanda. Ukishakaa wiki mbili niandikie upepo wa mteremko wa magharibi unageuka saa ngapi huko kwako. Mimi naujua wa Monduli tu.

Ndugu yako,
Elia