Malalamiko kuhusu pikipiki inayogonga mbele na garanti iliyokataliwa bila shingo kufunguliwa

Goma, kata ya Ndosho, komini ya Karisimbi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa tawi la Goma
Nakala kwa mkuu wa garaji

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni motari, nabeba abiria kati ya Ndosho, soko la Virunga na Birere, na pikipiki ya cc 125 niliyoinunua dukani kwenu ndiyo inayolisha nyumba yangu. Garaji yenu imeninyima garanti kwa karatasi yenye mstari mmoja tu: uharibifu umetokana na barabara mbaya. Siikubali sababu hiyo. Aliyeiandika hakuifungua shingo, yaani pale usukani unapozungukia kwenye chasisi, sehemu anayoitolea hukumu.

Ugonjwa ulianza pikipiki ikiwa bado mpya. Nilipokuwa nikishika breki ya mbele kwenye mwendo mdogo, tuseme nikikaribia Rond-point Tchukudu penye msongamano, nilisikia mlio mmoja mzito, ko, na nikauhisi kwenye viganja vyote viwili. Nikipita kwenye mawe, milio ilifuatana. Baadaye usukani nao ukaanza kusumbua. Nikienda moja kwa moja ulikuwa umetulia mahali pamoja kana kwamba umeingia kwenye kishimo. Kuutoa pale kulitaka nguvu kidogo, na ukishatoka unaruka kupita nilipotaka uende.

Niliileta kwenu. Fundi aliizungusha kidogo uani, akasema ni sili za shokapu. Akabadilisha sili na mafuta ya shokapu, nikalipa, kwani niliambiwa sili hazimo kwenye garanti. Mlio ukabaki. Niliporudi, ikawa zamu ya pedi za breki. Nikalipa tena, na mlio ukabaki. Mwishowe fundi mwingine akaikaza nati ya juu ya shingo kwa nguvu zake zote. Hapo kweli mlio ulipungua, akanikabidhi ufunguo akisema imepona.

Siku hiyo pikipiki ilikuwa hatari kuliko ilivyokuwa ikigonga. Mwendo unapokuwa mdogo, pikipiki haisimami wima kwa sababu dereva ana nguvu. Inasimama kwa sababu usukani unajirekebisha kidogo kidogo, kushoto na kulia, muda wote, mara nyingi bila dereva mwenyewe kutambua. Shingo ikikazwa kupita kiasi, masahihisho hayo yanachelewa, na pikipiki inayumba mithili ya mlevi. Karibu na soko la Virunga nilikuwa nimembeba mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikiwa imejaa makaa ikajitokeza mbele yetu, nikageuza, usukani ukakawia kuitika. Tuliponea chupuchupu. Yule mama aliteremka akanilipa bila kusema neno, akamalizia safari kwa miguu. Nani angemlaumu?

Bwana Mkurugenzi, mlio wa mbele hautafutwi kwa kubahatisha vipuri. Kuna namna ya kuutafuta, na haihitaji mashine wala muda mrefu. Mtu anaweka gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele linaning'inia hewani. Anapiga magoti mbele, anashika shokapu zote mbili chini kabisa, karibu na ekseli, anazisukuma na kuzivuta. Mwenzake anaweka kidole pale ambapo bamba la chini linaloshika shokapu linakutana na chasisi. Kidole kikihisi mtikisiko hapo, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Ikiwa pale juu pametulia na mtikisiko uko kati ya bomba la shokapu na kifuko chake cha chini, bushi ndizo zimelika. Kwa gurudumu lenyewe, unalishika juu na chini na kulisukuma upande kwa upande: likicheza, tazama beringi zake. Shokapu iliyopungukiwa mafuta nayo inaweza kugonga, lakini mara nyingi inagonga pale inaponyooka, gurudumu linapoachana na tuta au shimo. Haingoji breki ishikwe. Pedi pia zina kimlio chake kidogo ndani ya kaliper, chepesi na kikavu, wala hakipandi mpaka mikononi.

Baada ya hayo, gurudumu likiwa bado hewani, unaugeuza usukani polepole kwa vidole viwili kutoka kushoto mpaka kulia. Ukipita laini kote, sawa. Ukinasa katikati, hakuna haja ya kubishana tena. Muda mwingi pikipiki inakwenda moja kwa moja, kwa hiyo gololi za ndani ya beringi za shingo zinapigwa na kila jiwe zikiwa zimekaa palepale. Kama hazina grisi, au nati ililegea tangu mwanzo, zinachimba vishimo ndani ya vikombe vyake, yaani pete za chuma zinamokaa, na vishimo hivyo ndivyo mkono unavyovihisi. Kukaza nati hakuvifuti. Kunazibana gololi ndani ya vishimo zaidi.

Nilimwomba mkuu wa garaji yenu afanye jaribio hilo la vidole viwili mbele yangu. Alikataa, akasema mteja hafundishi fundi, kisha akanipa ile karatasi ya kukataa garanti. Ni baada ya kuipokea ndipo nilipompelekea fundi wa mtaani kwetu aifungue shingo, mbele ya motari wenzangu, tukipiga picha kila hatua.

Tulichokuta ni hiki. Kikombe cha juu kilikuwa na utando mwembamba wa grisi. Kikombe cha chini, ambacho ndicho kinachobeba uzito, kilikuwa kikavu kabisa. Gololi zake zilikuwa zimepakwa unga mwekundu wa kutu, na ndani ya kikombe kulikuwa na vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa, kila kimoja mahali pa gololi yake. Ukipitisha ukucha, unaingia. Tulipangusa kwa kitambaa cheupe, kikatoka na wekundu mtupu.

Rangi hiyo ina maana. Vumbi la Goma ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano, na kila anayefua nguo mjini humu analijua. Kama barabara ingeingiza uchafu shingoni na kuila grisi, tungekuta tope jeusi la grisi na changarawe. Hatukukuta hata chembe. Grisi haikuliwa na barabara. Haikuwekwa.

Tena, jiwe likipiga pikipiki kwa nguvu za kuharibu shingo, linaacha alama njiani: rimu inabonyea, spoki zinalegea, bomba la shokapu linapinda. Rimu yangu inazunguka bila kuyumba na shokapu zimenyooka. Fundi alizikagua kwa kuzizungusha juu ya kioo bapa.

Nanyi mnajua mnauza wapi. Tangu lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, sehemu kubwa ya Goma imejengwa upya juu ya mawe hayo, na mitaa mingi mpaka leo haina lami. Mmefungua duka hapa mkiyajua hayo, na tangazo lililo mlangoni linasema pikipiki zenu zinafaa kwa barabara zote. Barabara haiwezi kuwa sababu ya kuuza, halafu ikawa sababu ya kukataa garanti.

Sheria pia haiko kimya. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza, hata kama yeye mwenyewe hakuzijua. Mnunuzi ana haki ya kurudisha kitu na kurudishiwa bei yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Inamtaka pia asichelewe kudai, nami sichelewi. Shingo kavu iliyofunikwa kwa nati na bamba ni kasoro ambayo hakuna mnunuzi angeweza kuiona dukani.

Ninachodai ni kwamba mfunge beringi mpya za shingo kwa gharama yenu, juu na chini, pamoja na vikombe vyake vyote. Gololi mpya juu ya vikombe vyenye vishimo sitazipokea. Zipakwe grisi ya kutosha mbele ya macho yangu, na nati ikazwe kwa kiasi: gurudumu likiwa hewani, usukani ukisukumwa kidogo uanguke wenyewe kila upande, na shokapu zikivutwa zisicheze. Baada ya kilomita mia chache mnikagulie tena bila malipo, kwa sababu vikombe vipya hukaa sawasawa baada ya kutumika, na nati inaweza kulegea. Mnirudishie pia pesa za sili, za pedi na za kazi, maana nililipia magonjwa ambayo pikipiki haikuwa nayo. Na ile karatasi ya kukataa ifutwe kwa maandishi.

Liko jambo jingine, nalo linanikosesha raha kuliko pesa zangu. Pikipiki hizi zinafika kwenu ndani ya masanduku, na sehemu ya mbele inafungwa uani kwenu. Motari wengine walionunua kwenu kipindi kilekile wanausikia mlio uleule, na baadhi yao wamekaziwa nati kama mimi na wanaendelea kubeba watu. Waiteni. Fungueni shingo za pikipiki hizo, na za zile ambazo bado ziko depo, kabla hazijakabidhiwa mtu. Gharama ya grisi ni ndogo mno kuilinganisha na abiria mmoja kuanguka mbele ya lori kwenye barabara ya Sake.

Naambatanisha nakala za faktire zote, karatasi yenu ya kukataa, na picha za vikombe. Gololi na vikombe vyenyewe ninavyo nyumbani, vimefungwa kwenye mfuko bila kusafishwa, na fundi wenu yeyote anakaribishwa kuja kuviona. Nitangoja jibu la maandishi kwa muda wa wiki mbili. Likikosekana, nitairudisha pikipiki dukani kwenu nikiwa na mashahidi na kudai bei yote niliyolipa.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu.

Mteja wenu, motari wa Ndosho
(jina, saini na nambari ya faktire viko kwenye nakala iliyoambatanishwa)