Mdogo wangu wa Guangzhou, ile simu ya baba mdogo

Mdogo wangu, meseji zako za sauti nimezisikia zote. Sijajibu kwa sababu kila nikianza nakuta naandika maneno makali, na mimi sikukulea kwa maneno makali. Basi nakuandikia hapa, na wengine wasome, najua wapo wenye ndugu huko China.

Kwanza, unakula? Siku umenipokea airport niliumia ulivyokonda, ila hukunipa nafasi ya kusema, ukanipeleka Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kula wali na mbuzi, ukalipa, ukanibebea mabegi yangu. Na kesho yake Sanyuanli kwenye soko la ngozi ulivyokuwa unavutana bei na wale akina mama kwa Kichina mpaka wanacheka wenyewe, nilijivunia jamani, nilitamani bibi angekuona.

Lakini kile chumba chako. Maboksi toka mlangoni mpaka dirishani, mengine hujafungua hata gundi, viatu vya saizi ambayo sio yako, mashine ya kukaushia viatu wakati jua lipo. Nikauliza hii ya nini, ukasema ilikuwa bei chee dada. Bei chee ya kitu usichokihitaji bado ni hela imetoka.

Naelewa inavyokuwa, sio kwamba sielewi. Kule hela huioni. Unaskani, simu inalia, imeisha, hata anayeuza viazi vitamu vya kuchoma barabarani ana karatasi yake ya kuskani. Unaagiza usiku, kesho kijana wa pikipiki ya umeme anagonga. Mtaa wa Tianhe ukishuka kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, unatokea ndani ya duka, ukipanda ngazi duka jingine, unazunguka kutafuta tu pa kutokea nje. Na pale Beijing Lu, ule mtaa wa maduka, chini ya kile kioo walichoweka barabarani kuna matabaka ya barabara za zamani, za zaidi ya miaka elfu, watu wamekanyaga pale karne na karne, mimi nimesimama naangalia wewe unanivuta mkono, twende dada ofa inaisha.

Sasa usiku wa kuamkia tarehe 11 mwezi wa 11. Ile siku ilikuwa ya wanafunzi wasio na wapenzi, moja nne zimepangana, Alibaba, kampuni ya kuuza mtandaoni, wakaifanya ya mauzo mwaka 2009, mji mzima ukawa unakesha. Ulikaa kitandani na kapu lako limejaa kwenye simu unasubiri saa sita igonge. WhatsApp yangu huko haikushika, ndiyo maana baba mdogo akapiga kwako. Niliona jina lake kwenye kioo cha simu yako. Wewe pia uliliona. Na ulijua bibi yuko hoi, ulijua, mchana wake tulikuwa tumemzungumzia. Ukakata. Ukasema ngoja kwanza dada, dakika mbili. Akapiga tena, ukakata tena, saa sita ikagonga ukalipa, kitu cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu ndio ukampigia. Kwetu ilikuwa saa moja, magharibi wameshaswali, na bibi alikuwa ameshaondoka.

Usiniambie tusingewahi. Najua tusingewahi, alizikwa kesho yake adhuhuri na sisi tuko huko. Sizungumzii kuwahi. Nazungumzia baba mdogo, mtu mzima, amekaa na maiti ya mama yake anasikia simu inakatwa.

Utasema na mimi nilikuja kununua. Ndiyo, nilikuja kununua, ila mimi nanunua niuze Kariakoo, na mabegi hayohayo ndiyo yaliyolipa ada yako ya chuo na nauli iliyokufikisha huko. Na usiseme nilikutoroka. Niliondoka bila kukuaga kwa sababu ningekuamsha ningekutamkia neno ambalo dada hatamki kwa mdogo wake, na nikawahi hitima, kwa hiyo hapo sina la kuomba radhi. Mtu mmoja katika nyumba yetu ilibidi awepo.

Hela ulizotuma tumeezekea paa, limependeza, asante. Usitume nyingine kwanza. Futa hizo programu kwenye simu, maboksi uwauzie wanaokuja kuchukua mizigo, halafu kata tiketi uje Tanga kabla ya Ramadhani. Na baba mdogo mpigie mwenyewe, usiniambie tena nikupelekee salamu.