Homoni ya ukuaji isiuzwe kwa wazee wetu kama dawa ya ujana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie matangazo ya "homoni ya kurudisha ujana" yanayosambaa kwenye simu zetu. Wanaolengwa ni wazazi wetu, watu wa miaka 60, 70 na kuendelea, ambao wengi wao tayari wana presha. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya presha na kisukari, na jambo hili linaniumiza.

Homoni yenyewe ni ya kweli. Hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Wauzaji hushikilia hapo: kilichopungua kijazwe. Kisha hutaja "utafiti wa Marekani". Utafiti huo upo. Mwaka 1990 Dk. Daniel Rudman na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya wanaume 12 wa miaka 61 hadi 81 waliochomwa homoni hiyo kwa miezi sita. Mafuta yao yalipungua kwa asilimia 14.4, na uzito wa mwili usio wa mafuta ukaongezeka kwa asilimia 8.8. Matangazo huishia hapo. Hayasemi kwamba hakuna aliyepima kama wazee wale walipata nguvu zaidi, wala kwamba presha na sukari zao zilipanda. Kwa mzee ambaye presha yake inatulizwa na vidonge kila siku, hilo la mwisho ndilo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Kliniki yetu alikuja mama mmoja mtu mzima, presha imepanda na sukari iliyokuwa imetulia imeharibika. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole kilichovimba. Usiku mikono ilikuwa inamfa ganzi hadi anaamka kuikung'uta. Nikamuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Akajibu hapana, ni hizi hizi za hospitali. Nikamuuliza kuhusu sindano. "Aa, hiyo si dawa, mwanangu. Hiyo kijana wangu ananiagizia, ya kurudisha mwili." Vichupa alikuwa anavitunza kwenye friji, kando ya maziwa ya wajukuu.

Kuvimba, ganzi na sukari kupanda ni madhara yanayojulikana ya homoni hii. Huzifanya figo zizuie chumvi na maji, na hupinga kazi ya insulini. Presha na sukari zikipanda pamoja, kiharusi na ugonjwa wa moyo haviko mbali. Wagonjwa wa akromegali, ambao tezi yao hutoa homoni hii kupita kiasi, misuli ya moyo wao hunenepa, na kwa miaka mingi moyo umekuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao.

Huko Malmö, Sweden, watafiti walipima homoni hii katika damu ya watu zaidi ya 4,000 wa makamo, wakawafuatilia kwa takriban miaka 16. Waliokuwa na kiwango cha juu walipata zaidi ugonjwa wa moyo na kiharusi. Sina budi kusema wazi kwamba hao hawakuchomwa sindano, kwa hiyo utafiti huo peke yake hauthibitishi kwamba sindano ndiyo inayoua. Lakini unatosha kumnyima mtu ujasiri wa kumwongezea mzee homoni hiyo bila daktari.

Wapo wanaoihitaji kweli: watu ambao tezi yao imeharibiwa na uvimbe au upasuaji, au akina mama waliovuja damu nyingi mno wakati wa kujifungua. Hao hupimwa, huandikiwa na daktari bingwa wa homoni, na hufuatiliwa. Uzee peke yake haumo katika orodha hiyo. Marekani kwenyewe, kunakotajwa sana na wauzaji, sheria inakataza kuigawa kwa ajili ya kuzuia uzee.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni hili. Mwaka 2003 wahariri wa jarida lile lililochapisha utafiti wa Rudman waliona jina la jarida lao linavyotumiwa kuuza bidhaa hizi, wakaamua kuwaonya wasomaji waziwazi. Nawe usiyapokee matangazo haya, hata yakija kwa sura ya makala ya afya. Anayeleta tangazo la dawa aonyeshe kwanza usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini.

Na ninyi vijana mlio mbali, mnaowatumia wazazi dawa kwa nia njema kabisa, tumeni kwanza picha ya kichupa kwa daktari anayemtibu mzee. Siku ya kliniki, mzee aje na kila kitu anachotumia, pamoja na kile kilichoko kwenye friji.

Muuguzi, kliniki ya presha na kisukari,
Morogoro