Mafuta ya zeituni na moto wa jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe imani kwamba mafuta ya zeituni ni ya saladi tu, eti yakipata moto yanageuka sumu. Yale ya daraja la juu, yaliyokamuliwa bila kemikali na yenye asidi isiyozidi asilimia 0.8, huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi. Kukaanga vitunguu au samaki hakuhitaji kuvuka 180. Kosa ni kuacha kikaangio kitupu motoni muda mrefu, kisha kumimina mafuta. Yakifuka moshi, mwaga uanze upya.

Adui mkubwa ni mwanga na hewa. Mafuta yaliyo kwenye chupa angavu kando ya jiko huchacha upesi, yakanuka kama karanga za zamani. Nunua chupa ndogo, nyeusi. Ule mwasho wa kooni unaokufanya ukohoe si ubovu. Ni dalili ya polifenoli, yaani viambata asilia vya tunda la zeituni. Na kuyagandisha kwenye friji ili kujua kama ni halisi hakuthibitishi chochote.

Kuhusu moyo, faida huja yakichukua nafasi ya siagi, si yakiongezwa juu yake: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi.

Msomaji wenu