Yaya, ukirudi Istanbul, fika na Kapadokia mangaribi, jua likizama

Yaya yangu,

Swali ulinitupia kwenye simu siwezi kulijibu na vokali (ujumbe wa sauti) ya dakika moja, njo maana nakuandikia hapa wazi, na wengine wa Goma wanaoendaka Istanbul kuchukua mali nao wasome. Uliniuliza: mawe tuko tunakalia usiku na mchana, sasa wewe unaenda kulipa dola za watu ili utembee kwenye mawe? Na uliniuliza na ile sauti ya mtu ambaye nyumba yake ya Birere iko chini ya lava tangu tarehe 17/1/2002, nikanyamaza, ju kweli kwa mtu kama wewe mlima si kitu cha kuangalia kwa raha. Lakini nimefikiri sana, yaya, na jibu langu ni kwamba mu familia yetu yote hakuna mtu anayepaswa kutembea lile bonde la Kapadokia kukupita wewe.

Kwanza ujue ni wapi. Kapadokia iko katikati ya Uturuki, ndege kutoka Istanbul inachukua saa moja na kidogo mpaka Nevşehir ao Kayseri, basi la usiku linachukua saa kumi na zaidi. Jina unalijua kutoka kanisani, liko mu Matendo ya Mitume sura ya 2 pale wanataja watu waliokuwa Yerusalemu siku ya Pentekoste, na liko tena pale barua ya kwanza ya Petro inaanza. Mimi tangu utoto nilikuwa nalisoma nikidhani ni mahali palishaisha zamani, kumbe kuna mabasi, kuna watoto wanaenda shule, kuna mama anauza maji ya komamanga kando ya njia. Mji mdogo wa kufikia unaitwa Göreme, na UNESCO iliandika ile sehemu kwenye urithi wa dunia mwaka 1985.

Wengi wanaijua ju ya maputo, yale makubwa ya moto yanayobeba watu hewani asubuhi mapema. Ni mazuri lakini ni ghali na siyo hayo nakuambia. Nakuambia kutembea kwa miguu, mangaribi, pamoja na gidi (mwongoza watalii) anayejua, kwenye mabonde mawili yanayoshikana: Güllüdere, yenye mawe ya pinki, na Kızılçukur, yenye mawe mekundu. Mnaanza jua bado liko juu, mnapanda pole pole saa mbili ao tatu, mnafika kwenye ukingo wakati jua linataka kuzama, alafu gari inawachukua huko juu.

Siku tulienda, yule gidi aliuliza kila mtu anatokea wapi. Nikasema Goma, Kongo, chini ya Nyiragongo, volkano yetu, na yeye jina alikuwa analijua. Akaanza kunieleza mimi pembeni, na hapo njo swali lako lilianza kupata jibu, hata kabla hujaniuliza. Yale mawe yote ya kule ni ya volkano, yaya. Yote. Kuna mlima unaitwa Erciyes, unapita mita 3,900, uko na theluji kichwani, kuna mwingine unaitwa Hasan, na mamilioni ya miaka iliyopita volkano za ile sehemu zililipuka mara na mara. Sasa ona tofauti na yetu. Lava ya Nyiragongo haina silika mingi (yale madini yanayofanya lava kuwa nzito), iko nyepesi, inakimbia, na wewe unajua vile inakimbia ju ulibeba watoto mbele yake, alafu ikipoa inakuwa lile jiwe jeusi gumu ambalo linamaliza viatu vyetu na mipira ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Ya kule ilikuwa nzito, gesi inafungwa ndani inakosa pa kutokea, mpaka mlima unapasuka na kutupa majivu angani, majivu yanaanguka yanafunika nchi, yanapangana tabaka juu ya tabaka, mwishoni yanashikana yanakuwa jiwe laini linaitwa tufu. Juu ya lile jiwe laini sehemu zingine kukabaki tabaka la jiwe gumu, kisha mvua na theluji na upepo vikaanza kula. Laini likaliwa, gumu likakataa, njo maana leo unaona minara mirefu ya mawe imesimama peke yake kila mmoja na kofia yake nyeusi juu.

Na lile jiwe ni laini kwelikweli. Mavumbi yake yanabaki kwenye vidole. Watu wa zamani walichukua vyuma vya kuchimbia wakaingia ndani yake, wakachimba vyumba, stoo za chakula, mazizi, makanisa, na mu sehemu zingine wakashuka chini ya ardhi kabisa, kama Derinkuyu ambako walichimba kwenda chini mita 85 hivi, familia nzima zinajificha na mifugo yao wakati maadui wanapita. Nikasimama pale mbele ya mlango mmoja ulio juu kwenye ukuta wa jiwe, ngazi yake ilishaanguka zamani, nikakukumbuka wewe. Volkano ilimeza nyumba yako, na hawa waliingia ndani ya volkano wakalala, wakazaa, wakaimba. Alafu nikafikiri tena, mbona na wewe ulifanya vilevile. Lava ya 2002 ilikuwa bado inatoa moshi, nyinyi mulisharudi, munapima paseli (viwanja) juu yake, na kuta za nyumba yako ya sasa ni jiwe gani kama siyo lenyewe, limepasuliwa na nyundo na kupangwa? Sisi huwa hatuliangalii hivyo. Tunasema tu volkano ilituharibia, na ni kweli ilituharibia, hata kanisa kuu la Saint-Joseph lilienda nayo, lakini lile jiwe njo linatubeba.

Kitu kingine ungependa ni njiwa. Juu sana kwenye kuta za bonde utaona matundu madogo madogo yamepangwa vizuri, mengine yamepakwa rangi pembeni, ni nyumba za njiwa. Wakulima waliwachimbia makao ili wachukue mavi yao, mara kwa mara mtu anapanda kuyakusanya, anayapeleka kwenye zabibu na aprikoti chini bondeni. Mashamba yenyewe utayapita, ni madogo, yamebanwa kati ya mawe, zabibu zinatambaa chini. Wewe unayenunua mifuko ya udongo ili upande lengalenga (mchicha) kwenye paseli ya mawe matupu, ungeelewa ile akili mbele ya gidi kumaliza kueleza.

Makanisa sasa. Bila gidi ungepita mlango wa kanisa ukadhani ni pango tu. Kuna moja wanaita Kolonlu, la nguzo, nje ni mwamba na katundu, unainama, unapita kwenye giza, alafu unatokea ndani ya kanisa jeupe refu lenye nguzo nene. Lakini hakuna mtu aliyesimamisha zile nguzo, yaya! Waliondoa jiwe lililokuwa pembeni yake, nguzo zikabaki, zimeshikana na mwamba juu na chini, ni jiwe moja lote. Ukikosea kukata hakuna kurudisha. Fundi anayetoa jiwe bila kuongeza kitu, na anajua kabla ya kuanza ni wapi nguzo itabaki, huyo mimi namheshimu mno. Kwenye lingine, Haçlı, dari lote limechongwa msalaba mkubwa, na kwenye ukuta wa mbele rangi za watakatifu zingali zinaonekana, ingawa nyuso nyingi zilikwaruzwa. Nje pale kuna mzee ana kibanda cha chai na maji ya machungwa, tulipumzika.

Pale kwenye chai njo gidi alituambia habari ya 1923. Uturuki na Ugiriki walikubaliana mu Lausanne kubadilishana watu: Wakristo wa Orthodoksi waliokuwa Uturuki wapelekwe Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waletwe Uturuki. Wakristo wa sehemu hii walikuwa huko tangu karne za kwanza, wengine lugha yao ya nyumbani ilishakuwa Kituruki, hata hivyo wakafunga vitu wakaondoka. Makanisa yakabaki, njiwa wakabaki. Watalii wengine walisikia ile habari wakaendelea kunywa chai. Mimi nilishindwa kumaliza kikombe, nikafikiria watu wetu wa kambi, magodoro kichwani, nikafikiria ile barua ya Petro inaanza kwa kusalimia watu waliotawanyika na kukaa ugenini, na Kapadokia iko mule kwenye anwani. Miaka yote imesomwa kanisani kwetu na sijawahi kuisikia hivyo.

Sasa kuhusu jua, ju nimesema mangaribi na lazima nikueleze sababu. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, saa kumi na mbili linagusa milima ya upande wa Masisi na mbele haujafunga duka ni giza. Kule mwezi wa sita jua linazama kupita saa mbili ya usiku, na halishuki wima, linateleza pembeni, linachukua muda, na hata likishapotea mwanga unabaki muda mrefu, unaweza kusoma. Ule mwanga wa jua likiwa chini unapita kwenye hewa nyingi, ubuluu unatawanyika njiani, wekundu njo unafika, na unakuta jiwe ambalo tayari liko na chuma ndani yake kilichoshika kutu tangu zamani. Basi ukuta uliouona wa njano saa kumi na moja unakuwa pinki, kisha kama nyama mbichi, kisha unaingia zambarau chini chini wakati kilele bado kinawaka. Inatokea taratibu mpaka unaona kivuli kinapanda ukuta tabaka kwa tabaka. Watu tulinyamaza bila kuambiwa. Nilipiga foto, nitakutumia, lakini haziko sawa na vile ilikuwa.

Usikubali kwenda na zile pikipiki za magurudumu manne. Watakuvuta nazo mu Göreme, kila kona wanazikodisha, na mangaribi zinatoka nyingi kwa mstari, kelele, mavumbi ya tufu yanaingia puani, hawaoni kanisa hata moja, wanafika kwenye ukingo wanapiga foto wanarudi. Ni pesa imetupwa. Na usiende peke yako ju mtu wa oteli amesema njia ni rahisi. Njia zinagawanyika ovyo, alama ziko chache, sehemu zingine unapita kwenye tundu lililochimbwa ndani ya mwamba, kando ya ukingo jiwe linavunjika chini ya mguu, na tufu kavu inateleza, siyo lava yetu inayoshika soli. Giza likikukuta mule bila mtu anayejua ni hatari kabisa. Uturuki gidi lazima awe na kibali cha serikali, mwombe akuonyeshe, wa kweli hakasiriki. Bei mkubaliane mbele ya kutoka, na uulize kama gari ya kurudi iko ndani, ju lira inabadilika kila mara.

Wetu wetu hapa, wale wa hifadhi ya Virunga waliokuwa wanapandisha watu kutoka Kibati mpaka kwenye ukingo wa Nyiragongo, nao wanajua jiwe na moto kama yule bwana anavyojua tufu yake. Nilimwambia hivyo. Akasema siku amani itafika angependa kuja kutembea nyuma yao. Najua wewe Nyiragongo haujawahi kuupanda na haungetaka, baada ya 2002 ikaja tena ile usiku wa tarehe 22/5/2021, tukalala Sake chini, na sitakulazimisha. Nakuomba tu uanze na volkano ambayo haina deni na wewe.

Basi panga hivi. Mali ya Laleli, ule mtaa wa maduka ya jumla Istanbul, umalize kwanza, mabalo (marobota) yafungwe, kargo ichukue, ile nafasi ya katikati ambayo huwa unakaa oteli unangojea risiti njo uitumie. Nenda mwezi wa tano ao wa kenda, joto siyo kali. Vaa basketi (viatu vya michezo) zenye meno, beba maji, tochi na ile sweta yako ya bulu, ju jua likizama kule baridi inaingia haraka hata kama mchana ulitoka jasho. Habari ya goti umwambie gidi siku ya kwanza, kuna njia fupi ambayo haina kupanda sana na inapita kwa Haçlı pia. Ukipata viza niandikie tarehe, nitakutumia namba yake kwa siri, siyo hapa, na nitamwambia kwamba anayekuja ni yaya yangu, asikukimbize, na kwenye kanisa la nguzo akuachie nafasi uimbe.

Mudogo wako,
Goma