Mhariri, tuandikieni na habari za laptopu tulizonazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye barua za wasomaji niongee kidogo kuhusu ukurasa wenu wa teknolojia. Mimi haya mambo nayapenda kweli kweli, kompyuta, simu, vifaa vidogo vidogo vya elektroniki, programu za bure, ndiyo hobi yangu ya jioni na ya wikiendi, na gazeti lenu huwa naanza na ukurasa huo hata kabla ya michezo. Sasa ukiufuatilia utaona karibu kila wiki ni simu mpya imetoka, kamera ina megapikseli kadhaa, kioo kinakunjwa, bei ni milioni na ushee, basi imeisha. Wengi wetu tunaousoma tuna simu ya miaka mitatu minne na laptopu ya mtumba, na hizo laptopu zimepatwa na jambo kubwa kuliko simu zote mlizotuandikia, mbona hilo hamlisemi?

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa apdeti za bure za Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao ndio uko kwenye kompyuta nyingi sana za maofisi, mashule na steshenari za mtaani kwetu. Wanataka watu wahamie Windows 11 iliyotoka 2021, sawa, lakini hiyo 11 haiingii kila mashine, kwa upande wa Intel inataka prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha nane kwenda juu na inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0. Sasa chukua HP EliteBook 840 G3, ile yenye bodi ya aluminiamu ambayo ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi utaikuta imepangwa dukani, ile ina Intel ya kizazi cha sita. G4 ni kizazi cha saba. Zote mbili nje, mpaka ufike G5 yenye kizazi cha nane ndiyo unapokelewa. Na G3 ni mashine nzuri jamani, kibodi yake imara, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, unaongeza mwenyewe, diski unabadilisha mwenyewe, bisibisi moja tu.

Matokeo yake huku mtaani maneno yamekuwa mengi. Mtu anapeleka laptopu kwa fundi kwa sababu ya chaji tu, anarudi kaambiwa hii imeshakufa bosi, Windows yake imefungwa, tafuta nyingine. Hapana, haijafungwa. Kompyuta yenye Windows 10 inawaka kama kawaida, Word inafunguka, intaneti inaingia, kilichokatika ni viraka vya usalama, yaani wahalifu wakigundua tundu jipya hakuna anayekuja kuliziba. Na hili si la kupuuzwa pia, nisije nikaeleweka vibaya. Mei 2017 kilitokea kirusi cha WannaCry kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, kompyuta zaidi ya laki mbili kwenye nchi kama 150, hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha hadi upasuaji wa wagonjwa, na kiraka cha tundu lile Microsoft walikuwa wameshakitoa tangu Machi mwaka huo huo. Waliopigwa ni wale ambao mashine zao hazikuwa na kiraka. Kwa hiyo anayekuambia endelea tu na Windows 10 miaka mitano hakuna neno, na anayekuambia tupa laptopu kanunue mpya, wote wawili wanakupoteza.

Microsoft walitangaza muda wa ziada, kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026 kwa kujiandikisha na akaunti yao, na kwa makampuni ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, halafu bei inajizidisha mara mbili kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Mwenye Windows halali ajiandikishe leo leo. Lakini tuseme ukweli Mhariri, huku kwetu Windows ngapi ni halali? Unampelekea mtu laptopu akupigie Windows, anachomeka flashi, anazima antivairasi kwanza, anaendesha kiprogramu cha kukraki, yaani cha kuvunja kufuli la leseni, anawasha, umemaliza. Kile kiprogramu kinachotaka antivairasi izimwe ndicho mara nyingi kinachobeba vitu vya kuiba nywila zako, na watu wanalipia huduma hiyo kwa hela yao, wakitoka hapo wanaingia kwenye akaunti ya benki kwa mashine hiyo hiyo. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na dawa ipo, haina gharama ya leseni, ipo miaka yote. Mwaka 1991 kijana mmoja wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, aliwaandikia watu kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kama kitu cha kujifurahisha tu, si kikubwa. Hicho kitu cha kujifurahisha kinaitwa Linux, na leo ndicho kiini cha simu yoyote ya Android unayoishika, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye orodha ya TOP500 zinatumia Linux. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Linux ni ya wataalamu peke yao nashangaa, maana mara nyingi anayesema hivyo kashika simu ya Android mkononi anaitumia hapo hapo.

Kwa laptopu za mtumba mimi nawaambia watu waanze na Linux Mint, toleo mojawapo la Linux. Sura yake haimshtui aliyetoka Windows, menyu iko chini kushoto, mafaili yanaonekana, unaunganisha waifai kwa kubonyeza. Inahitaji RAM ya GB 2 ili itembee na GB 4 ili ikae vizuri, mashine ya miaka kumi iliyopita inatosha kabisa. Unapakua faili lake, kama GB 3 hivi, unalipachika kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Ventoy, unawasha laptopu huku unabonyeza F9 kama ni HP au F12 kama ni Dell au Lenovo, unachagua flashi. Na hapa ndipo pananifurahisha kila mara nikimwonyesha mtu: inawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unajaribu sauti, unajaribu waifai, unafungua video, usipoipenda unazima unachomoa flashi na Windows yako iko pale pale kama ulivyoiacha. Ukiridhika ndiyo unaiweka moja kwa moja, na ukifika hapo hamisha kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje, picha za familia na vyeti, hiyo hatua usiiruke hata kama una haraka kiasi gani.

GB 3 kwa bando letu si kidogo najua. Lakini mmoja akishapakua anagawa mtaa mzima kwa flashi na hakuna sheria aliyovunja, leseni yenyewe inakuruhusu kunakili na kumpa mwenzio, hata kumuuzia kazi ya kumwekea. Kwa fundi wa mtaani hiyo ni kazi halali kabisa, anatoza ufundi wake na mteja anaondoka na mashine safi inayopata apdeti kila wiki, kesho yake hakuna kurudi na malalamiko ya virusi.

Kabla hata ya mfumo, kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka, ile unayoisikia inakwaruza ikiwaka, hiyo ndiyo inayokuchelewesha kuliko kitu kingine. Weka SSD, diski isiyozunguka, hata ya GB 240 tu, utaona kilichokuwa kinachukua dakika nzima kinachukua sekunde. Nimeona watu wameuza laptopu kwa bei ya hasara kwa sababu ya uzito wa kufunguka ambao SSD ingeuondoa kwa hela ndogo sana ukilinganisha na laptopu nyingine.

Sitaki kumdanganya mtu, kuna kazi hazihamiki. Mwenye steshenari anayetengeneza kadi za harusi na mabango kwa Photoshop au CorelDRAW, hizo hazina toleo la Linux, GIMP na Inkscape, za bure za picha na michoro, zipo na ni nzuri lakini mkono uliozoea miaka kumi haubadiliki kwa wiki moja, huyo abaki Windows na atafute mashine inayokubali 11. Wale wa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, nao wajue Microsoft wametangaza kwamba msaada wa programu hiyo unafika mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo hata ukibaki kwao utahama tu, anza kuhifadhi kazi zako kwa PDF mapema. LibreOffice, programu za bure za ofisi badala ya Word na wenzake, inafungua faili za Publisher ila mpangilio unaweza kusogea. Printa nazo, za HP nyingi zinakubali bila shida, lakini kuna printa za leza ambazo draiva zake za Linux, yaani programu za kuiunganisha na kompyuta, zinasumbua mno, ijaribu ukiwa bado kwenye flashi kabla hujaamua. Na barua zako za Word zikifunguka mistari imeruka, shida mara nyingi ni fonti, yaani aina ya herufi, weka Carlito badala ya Calibri na Liberation Serif badala ya Times New Roman, zimepimwa upana sawasawa na zile kwa hiyo kurasa zinakaa palepale.

Shuleni ndiko ninakoona faida kubwa zaidi. Chumba cha kompyuta chenye mashine za msaada, nusu hazifunguki kwa virusi vya flashi za wanafunzi, nyingine zimefunikwa kitambaa zinasubiri bajeti, na mwalimu anachora kibodi ubaoni. Mashine hizo hizo zikiwekewa Linux zinarudi kazini, na kwa kuandika, kupiga hesabu kwenye jedwali na kuanza kuandika programu kwa Python mwanafunzi hakosi kitu. Kuna na Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, Wikipedia ya Kiswahili yote inakaa kwenye flashi, na Kolibri inayogeuza kompyuta moja kuwa maktaba ya masomo na video ambayo zile nyingine zinaisoma kwa waifai ya humo ndani, hakuna bando linaloliwa, na menyu zake zipo kwa Kiswahili. Ukitaka kifaa kidogo cha kuiendesha basi Raspberry Pi, kompyuta ya saizi ya kadi ya benki iliyoanza kuuzwa 2012 kwa dola 35, inakula umeme kidogo kiasi kwamba pawabenki nzuri inaiendesha umeme ukikatika. Hizi ndizo gajeti ninazotamani kuzisoma kwenye ukurasa wenu!

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi maskini. Jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani lilitangaza 2024 kwamba kompyuta kama elfu 30 za serikali yake zinahamia LibreOffice, na Linux inafuata. Wale wana hela ya leseni, wanachotaka ni kujiendeshea mambo yao wenyewe. Na kuna upande wa taka pia, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Sasa maofisi ya Ulaya na Marekani yanatoa mashine zisizokubali Windows 11, naona wazi nyingi zitapanda makontena kuja huku. Zikikuta watu wanaojua kuziwekea mfumo salama tumepata kompyuta za bei poa kwa watoto wetu, zikikuta tunaojua kukraki tu, zitaishia jalalani kwetu badala ya kwao, na betri zake za lithiamu ndani.

Ndiyo maana naandika Mhariri. Simu mpya endeleeni kuziandika, hata mimi nazisoma kwa hamu, ila tengeni kakona kadogo tu kila wiki ka kurekebisha na kutumia tulichonacho. Wiki ya kwanza mfundisheni msomaji kuangalia laptopu yake ni kizazi gani: abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike msinfo32, asome mstari wa prosesa, ikiwa i5-6300U ile 6 ya baada ya kistari ndiyo kizazi cha sita, ikiwa i5-8350U ni cha nane. Kabla ya kununua pia afanye hivyo hivyo pale pale dukani, muuzaji asimwambie inakubali 11 halafu kumbe imelazimishwa kwa ujanja wa kuruka masharti. Wiki ya pili SSD, ya tatu flashi ya Mint, na mkihitaji mtu wa kuwaandikia bure mimi nipo, pamoja na mafundi wawili watatu ninaowafahamu ambao kazi yao ni safi na wanapenda kufundisha.

Msomaji wenu na mpenzi wa kompyuta,
Mwanza